Wenye Damu

Ebla alimpiga Hamze jiwe la mdomo, meno mawili yakadondoka kwenye samadi. Akampiga tena. Kijana alikuwa amefungwa kamba kwenye nguzo ya boma la mbuzi, nyuma ya nyumba ya Ebla hapo kijijini Iftin. Juzi tu, kisimani, alikuwa amemkata Nuh shingo kwa panga wakigombania zamu ya kunywesha ngamia. Nuh, kitindamimba wa Ebla! Hasira hasara, wahenga walisema, ila wahenga hawakumzika Nuh.

"Inatosha, hooyo," Guleid akamwambia mama yake. Kisu kilikuwa mkononi. "Niachie mimi."

"Subiri, adeer, mwana wa ndugu yangu!" Ami yake Guleid, Sheikh Duale, aliingia akihema. "Kitabu kimesema anayesamehe, ujira wake uko kwa Mola."

"Na Kitabu hicho hicho kimesema nafsi kwa nafsi." Guleid akacheka kicheko kibaya. "Aya hii niue, aya ile nisamehe. Anayetoa amri mbili zinazogongana hana amri. Basi nitajiamulia."

"Hazigongani. Ya nafsi kwa nafsi ni mpaka, usije ukaua ukoo mzima kwa mtu mmoja. Tena haki hiyo hupitia kwa hakimu, si kwa kisu chako. Kusamehe ni fadhila. Na wenye damu, warithi wa Nuh, ni wewe na mama yako: akisamehe mmoja tu, kisasi kimeanguka."

Wote wakamgeukia Ebla.

Alimchukia Hamze. Alitaka kumwona akigaragara kama Nuh alivyogaragara. Na papo hapo alikuwa amechoshwa na damu, amechoka hata kusimama. Akaona aya zote mbili zinamsema yeye, mwanamke mmoja, wakati mmoja. Kumbe kilichogongana kilikuwa kifuani mwake, na Aliyekishusha Kitabu alikijua.

"Nimesamehe," akasema. "Mfungueni."

"Umemsaliti Nuh!" Guleid akamchoma Hamze kisu chini ya mbavu, akakichomoa, akamchoma tena. Duale alimrukia, akasukumwa akaangukia miiba ya boma. Hamze alikoroma akimtazama Ebla, kisha macho yakaganda.

"Hicho si kisasi tena," Duale akasema akilia. "Umeua tu, adeer. Umeua bure."

Kisu kikamponyoka Guleid.

Habari zilikuwa zimeshamfikia Hinda, mama yake Hamze, kwamba mwanawe ameshikwa. Alikuja na kaka zake na mapanga yao, wakaanza kulipiga lango mateke. Ebla akamtazama mtoto pekee aliyembakia. Sasa roho ya Guleid ilikuwa mkononi mwa Hinda, auawe au asamehewe. Akafungua lango mwenyewe, akapiga magoti, mikono yake imelowa damu.

"Hinda, nakuomba usamehe. Wallahi, hata mimi nilimsamehe mwanao."

Hinda akatazama ndani, kwenye nguzo.

"Ulimsamehe," akasema polepole. "Basi mbona amekufa?"