Mvumo Ndani ya Mkebe wa Kakao

Mume wangu Khaemba ana masikio ya kusumbua watu. Akipita posho mill, kinu cha unga cha hapa mtaani kwetu Manyatta, Kisumu, atamwambia mwenyewe kwamba mkanda umelegea, na hakuna aliyemuuliza. Kwa hiyo mkebe wake ulipoanza kuvuma, nyumba nzima ilikosa raha.

Mkebe wenyewe ni wa kakao, mkubwa, tuliuokota kwenye vyombo kuukuu vya soko la Kibuye. Gitaa la Khaemba ni la zamani na sauti yake ni dhaifu. Ukiliweka na ngoma na besi halifiki hata viti vya mbele. Basi akajitengenezea pedali, kidude cha kukaa sakafuni kati ya gitaa na spika ili kuipa sauti nguvu. Yeye alichomelea vitu vya ndani kwenye meza ya chakula, mimi nikaupaka mkebe rangi. Kazi yangu ni kuandika mabango ya maduka, lakini rangi nilifundishwa na baba yangu, Joram, anayepaka mashua kule Luanda Kotieno, ufukwe wa kwetu Uyoma, tangu sijazaliwa. Niliutia samawati ya mashua, samaki mbuta wa njano ubavuni, na jina la binti yetu Debra kwa herufi za kujipinda. Ulipendeza, na sisemi hivyo kwa sababu ni wangu.

Khaemba akaingiza vitu vyake ndani, akachomeka nyaya, na mkebe ukavuma. Ulivuma bila kupumua, kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Wimbo ukiendelea huusikii mvumo huo. Lakini benga, muziki wetu wa gitaa, haipigwi mfululizo. Kwetu sisi Wajaluo, mtu akiguswa na wimbo anainua mkono, wapigaji wanakatiza muziki, naye anachukua kipaza sauti na kujisifu: yeye ni nani, ametoka kwa nani, nani anampenda. Hiyo ndiyo pakruok. Akimaliza, gitaa linampokea na watu wanarudi kucheza.

Baba alipasuliwa koo mwaka huu. Sauti iliyokuwa ikimwita mtu aliye katikati ya maji ikabaki mnong'ono. Alipopata nafuu tukapanga ibada ya shukrani nyumbani kwake, siku ya Jumamosi, na muziki baadaye. Baba alitaka kitu kimoja tu: pakruok yake, na mpigaji awe mkwe wake.

Alipokuja Kisumu kliniki, Khaemba alimkalisha sebuleni akampa kipaza sauti wajaribu. Akapiga kidogo, akasimama. Baba akafungua mdomo. Niliona midomo ikienda, lakini nilichosikia ni mkebe. Alijaribu tena, akiukaza mshipa wa shingo mpaka nikaogopa kwa ajili ya kidonda. Kisha akakiweka kipaza sauti mezani polepole.

"Si lazima," akasema. "Hiyo siku nitakaa tu na wageni."

Akaomba chai. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyouchukia ule mkebe niliouremba kwa mikono yangu.

Kuzima kila mara haikuwezekana. Khaemba hakuweka swichi, na spika ukiizima ghafla inapiga kishindo cha kumrusha mgonjwa. Basi akaanza kutafuta. Akabadilisha betri. Akabadilisha nyaya, akachomelea upya kila alipochomelea, nyumba ikanuka moshi wa risasi ya kulehemu. Akamlaumu Waswa, jirani anayeunganisha mageti kwa mashine ya umeme. Akaenda kumwomba azime mashine, Waswa muungwana akazima, mkebe ukaendelea vilevile. Mwishowe akasema ni friji yangu. Hapo tukakosana.

"Hii friji ilikuja hapa kabla ya hiyo mkebe yako," nikamwambia. "Mgeni ndiye anaulizwa shida yake."

Aliinama akaumulika mkebe ndani kwa tochi ya simu, akautazama sana, kisha akaufunga na kusema basi, ataona. Nikadhani amekata tamaa, nikamwonea huruma ingawa bado nilikuwa nimenuna kwa ajili ya friji.

Karibu na Jumamosi nilirudi kutoka kazini mchana, brashi zikiwa mkononi, nikamsikia akipiga gitaa. Akasimama katikati ya wimbo, nami nikasimama mlangoni. Kimya. Niliingia nikitaka kumkumbatia, nikamkuta ameketi na kiatu kimoja mguuni. Cha pili kilikuwa chini ya kiti pamoja na soksi, na kidole gumba cha mguu kilikuwa kimekandamiza skrubu ya ubavuni mwa mkebe.

"Kumbe imepona," nikasema.

"Imepona kiasi."

"Na kiatu?"

"Joto."

Niliushika mguu nikauinua. Mkebe ukavuma. Nikaurudisha, ukanyamaza.

"Baba Debra," nikasema, "utapiga mguu mtupu kwa baba yangu? Mbele ya mama? Mbele ya wazee wa Uyoma?"

Alijua ninachosema. Kwao Bungoma, kwa Waluhya, mkwe anaogopa ukweni kuliko sisi. Hata kukohoa anakuombea ruhusa. Aliangalia sakafu.

"Nilikuwa nimefikiria nitoboe soksi," akasema.

"Soksi ya kutoboka. Ukweni."

"Hapo kwa kidole tu."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, na hapo nikajua kuna jambo ananificha. Nikamwambia aseme.

"Ni rangi," akasema. "Umepaka mpaka ndani. Chuma ya mkebe inafaa kugusana na nati za hizi tundu za waya, ndiyo izuie kelele. Sasa rangi imekaa katikati yao. Nikishika nyuzi za gitaa na kidole iko kwa skrubu, mwili yangu ndiyo inawaunganisha."

Ni kweli nilipaka ndani. Baba alinifundisha hivyo: mashua iliyopakwa nje peke yake inaoza huku inasifiwa. Sikuwahi kufikiri kwamba mkebe ni kitu kingine. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Ulijua lini?"

"Ile siku ya friji."

"Na ukanyamaza. Si ungekwangua tu?"

"Ningekwanguaje, Mama Debra? Uliipaka ukiimba. Rangi ya mashua ukiigusa pembeni inabanduka yote, ingefika kwa samaki, ifike kwa jina ya mtoto." Akauzungusha mkebe mikononi. "Nikasema heri watu wanione mshamba."

Nilikasirika na nilimpenda, vyote kwa wakati mmoja, na sikujua nianze na kipi. Mwanamume mzima alikuwa tayari kuaibika ukweni ili rangi yangu isiguswe. Nilitamani kumpiga kwa brashi.

"Wewe unajua gitaa," nikamwambia. "Rangi hujui. Lete wembe."

Rangi ya mashua haibanduki ukiikata kwanza. Alifungua nati, nami nikakata duara kwa ndani kuzunguka kila tundu, kisha nikasugua kwa msasa hapo tu mpaka bati likang'aa. Nje hakuna aliyeguswa, si mbuta wala Debra. Khaemba akakaza nati, akavaa kiatu, akapiga, akasimama. Tukamsikia Waswa akikohoa kwenye karakana yake.

Jumamosi ua wa baba ulijaa. Ibada ikaisha, watu wakala, Khaemba akapiga akiwa na viatu vilivyopakwa kiwi. Wajomba walijisifu, shangazi Akello akajisifu mara mbili. Kisha baba akainua mkono.

Gitaa likanyamaza. Watu walikuwa wamezoea sauti yake ya zamani, hivyo waliendelea kuongea kidogo, halafu wakaona midomo yake wakatulia. Nilimsikia akivuta pumzi. Pakruok ni ya Kijaluo, kila mtu alikuwa ameitegea sikio la Kijaluo, lakini baba alimgeukia mpigaji akaanza kwa Kiswahili. Wazee wawili wakaguna kwa mshangao.

"Mimi ni Joram," akasema, kwa ule mnong'ono, na ulifika mpaka kwa wapishi kwenye sufuria. "Ziwa yote imebeba rangi yangu. Daktari alikata koo akadhani amenyamazisha Uyoma. Mniangalie. Nyinyi mko na wakwe wamewapea ng'ombe. Mimi nilipewa mtu. Huyu Khaemba si wa kwetu, na ninaongea hii lugha ya sisi wote wawili ndiyo neno hata moja isimpite. Huyu ni kijana yangu. Nani ako na kijana kama huyu?"

Alishusha kipaza sauti. Hapo ndipo gitaa linatakiwa kuingia, mara moja, kabla maneno hayajapoa. Halikuingia. Wageni wakangoja, spika ikangoja nao, na hakuna kilichosikika uani. Khaemba alikuwa ameshika nyuzi na kuinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Nilipita kati ya viti nikasimama nyuma yake, nikamwekea mkono shingoni.

"Baba amemaliza," nikamwambia. "Piga."