Mwezi wa Kitambaa Kitale

Jeruto, jirani wa Fardosa pale mtaani Matisi, anaapa kwamba mwezi uliletwa Kitale kwa lori, umekunjwa kama turubai la kufunikia mahindi. Ati wenye maonyesho walipoutia upepo ndani ya lile ghala la zamani la reli, la mawe, ukafura mpaka ukakaribia mabati, na mzee mmoja wa Mlima Elgon akavua kofia akaanza kuuomba mvua. "Na si mvua ilinyesha?" akauliza Jeruto, kama wakili aliyeshinda kesi.

Fardosa alicheka kidogo, kisha akamfikiria baba yake.

Ramadhani iliyopita ilipokaribia kuisha, Mzee Abdishakur alisimama nje ya msikiti kule Bungoma, akanyoosha kidole, akasema mwezi umeandama. Miaka yote watu waliyaamini macho yake. Jioni ile hakuna mwingine aliyeuona. Imamu akamgeukia Fardosa, aliyekuwa kando ya baba yake, akamuuliza kama ameuona. Fardosa akatazama kidole kilipoelekea, akatazama tena. Akasema hajaona kitu. Watu wakafunga siku moja zaidi, na vijana wakamtania mzee kwamba ameona taa ya bodaboda.

Tangu hapo mzee hakumsemesha binti yake. Chai binti alimwekea mezani, naye mzee akainywa kama imejileta yenyewe. Mwishowe Fardosa akahamia Kitale kushona nguo, akidhani upweke wa mtu mmoja ni mwepesi kuliko wa watu wawili. Haukuwa.

Sasa akawaza: kama kuna mwezi watakaouona wote wawili, ni huu. Akampigia shangazi yake Suad, na ni Suad aliyerudisha jibu kwamba mzee atakuja.

Jumatano mchana Fardosa akampokea stendi. Wakatembea, mzee ameshika mkono wa gauni lake.

Ndani ya ghala kulikuwa na giza na ubaridi. Mwezi ulining'inia katikati, wa kijivu, mkubwa kama nyumba, na wanafunzi walilala chali chini yake wakinong'ona. Juu kwenye ukuta wa nyuma, waliojenga waliacha dirisha la mviringo, na jua kali lilipenya hapo. Fardosa akamsimamisha baba yake karibu kabisa na mwezi, akangoja.

Mzee akainua uso. Akageuka polepole, akaupa mwezi mgongo, akatulia mbele ya dirisha.

"Huu hapa," akasema. "Mdogo, lakini safi."

Karibu mwaka mzima Fardosa hakuwa ameisikia sauti ile ikimwelekea. Akatazama dirisha, akatazama macho ya baba yake yaliyotanda ukungu. Akamwambia taratibu kuna daktari wa macho hapa mjini, wapitie leo. Mzee akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Macho yana nini, na mwezi ameuona?

Kisha akamshika kiganja, si gauni tena.

"Fardosa, mama. Ijumaa uje Bungoma. Usimame pale msikitini uwaambie baba yako ameuona mwezi. Na hata ule mwingine aliuona. Wewe ndiye uliyekataa, wewe watakuamini."

Mwalimu aliwainua wanafunzi. Fardosa akawatazama wakijipangusa vumbi na kutoka, mpaka ghala likabaki la wawili hao. Mzee bado alikuwa ameelekeza uso dirishani, akingoja jibu.