Malkia Rambha na Nyumba ya Fukusi

Vasumati alimpa sisimizi jina la mama mkwe wake marehemu, na hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Hakukusudia kumtukana mtu. Alikuwa amemtazama yule malkia wiki nzima, mnene, mweusi, amejikalia gizani hanyanyui hata mguu, huku wanawe wakimlisha na kumsafisha, na jina likamjia lenyewe. Rambha. Marehemu naye alikaa hivyo hivyo katika chumba cha nyuma miaka kumi na minane, na aliyekuwa akimpelekea chapati ni Vasumati.

Wifi yake, Kanchan, alipolisikia jina hilo aliketi chini.

"Umemwita mama yangu mdudu."

"Nimempa mdudu jina la mama yako, wifi. Ni heshima hiyo. Angalia watumishi alionao."

Kanchan hakuolewa, na tangu kaka yake afariki aliishi ghorofa ya juu ya nyumba hiyohiyo, akiteremka kila asubuhi kukagua kama Vasumati bado ni mtu wa dini. Wajaini wote wa Vardhipur, kama wenzao kote India, hawaui kiumbe, lakini Kanchan alikuwa amelipeleka jambo hilo mbali. Maji ya kunywa aliyachuja kwa kitambaa, kisha kitambaa akakisuuza kwenye kisima kilekile yalikotoka, ili vijidudu visipotezane na jamaa zao. Akifungua choo alibisha hodi kwanza, mjusi apate nafasi ya kuondoka.

Vasumati alikuwa na dini yake pia, ila haikuwa ya makelele. Alistaafu kazi ya maabara katika shule ya wasichana, na yule malkia alimwokota uani miaka mitatu nyuma, siku ya mvua ya kwanza, akiwa ndiyo kwanza ameyavua mabawa. Akamtia katika kichupa cha maabara chenye maji na pamba, akamfunika kwa kitambaa cheusi, akamwacha mwezi mzima bila kumchungulia. Watoto walipozidi aliwajengea nyumba. Alifinyanga vyumba na njia kwa unga wa chapati uliokandwa, akamwagia plasta ya jasi, na ilipokauka akaukwangua unga wote. Kioo cha kufunikia alikitoa kwenye picha ya marehemu mumewe. Mumewe akabaki ukutani na shada lake la msandali, wazi kwa vumbi, na kwa kuwa alikuwa mtu mpole enzi za uhai wake, Vasumati hakuona kama angelalamika.

Mpira mwembamba ulitoka kwenye plasta hadi katika boksi la peremende, na humo alitia uwele na ufuta. Sisimizi wavunaji hawana mchezo na chakula. Walibeba punje moja moja, wakazipanga ghalani, na punje ikianza kuota waliung'ata ule mche mapema isije ikaharibika. Vasumati aliweza kukaa mbele ya kioo kile tangu chai ya asubuhi hadi wali wa mchana, na hakuna mwanadamu aliyewahi kumfurahisha kiasi hicho.

Lakini tangu sikukuu ya Diwali mambo yalikuwa yameharibika. Mabuu meupe yalitoweka, mayai hayakuonekana, na kila siku aliondoa maiti kwa brashi. Kutoka maelfu walibaki mia sita hivi, wazee watupu. Sababu aliijua: watoto wa sisimizi hawakui kwa nafaka peke yake, wanataka nyama, japo paja la panzi. Alijaribu lozi, alijaribu jibini, alijaribu hata unga wa dengu. Wapi. Siku moja alimkamata nzi, akamshika kwa vidole viwili juu ya boksi dakika nzima, kisha akafungua dirisha akamwachia. Mdomo wa Vasumati haukuogopa dhambi yoyote, ila mkono wake ulikuwa umezaliwa na kulelewa Vardhipur. Alimtazama malkia akisinyaa, akajua hatafika mvua ijayo, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka mtu ajue.

Mwezi wa Mei ulipofika alilazimika kwenda Ahmedabad kwa mwanawe kutolewa mtoto wa jicho. Siku tisa. Alimkabidhi Kanchan kazi moja tu: kijiko kimoja cha maji juu ya plasta kila asubuhi, isije ikakauka.

Aliporudi, na miwani nyeusi usoni, alikuta meza ya sisimizi ni tupu. Boksi la peremende lilikuwa limeoshwa na kuanikwa.

Kanchan alikuwa ameketi kwenye bembea, mikono mapajani, tayari na maneno aliyoyafanyia mazoezi. Alisema roho mamia kwa mamia zilikuwa gerezani ndani ya nyumba ya baba yake, na yeye hakuweza kula wala kusali akiwa juu ya gereza. Kwa hiyo alizipandisha bajaji akazipeleka kwenye hifadhi, katika nyumba ya fukusi, akaondoa pamba aliyokuwa ameuzibia mlango wao, zikawa huru.

Hifadhi ya mji ule ilitunza ng'ombe waliozeeka na mbuzi vilema, na pembeni ilikuwa na chumba cha matofali kwa ajili ya wadudu wa nafaka. Kila nyumba ilipochekecha ngano ikakuta fukusi, iliwatia kwenye bati na kuwapeleka huko, wakamwagwa humo pamoja na kilo kadhaa za nafaka, waishi mpaka siku yao ifike. Fukusi wa Vardhipur walikula vizuri kuliko walimu.

Vasumati alitaka kucheka, akashindwa. "Kwa hiyo kioo ni gereza," alisema, "ila matofali ni hisani."

"Huko kuna rehema."

"Wifi, umewapeleka wenye njaa ya nyama mahali palipojaa nyama."

Kanchan aliangalia vidole vyake, na Vasumati akaona kwamba hilo halikuwa jipya kwake.

Walikwenda pamoja. Dalsukh, msimamizi wa hifadhi, aliwapokea langoni, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyepata usingizi. Alisema siku tatu za kwanza kulikuwa shwari. Ya nne akaona mistari myeusi sakafuni, na kila sisimizi ana fukusi mdomoni au buu jeupe la fukusi, wanaingia nao kwenye kile kifremu chao cha plasta na kioo. Tangu hapo hawajapumzika.

"Kamati imekaa mara mbili, Vasuben," alisema, akiongeza ile "ben", yaani dada, ya heshima. "Kuwaua sisimizi ni dhambi. Kuwaacha waue ni dhambi. Tukijaribu kuwatenganisha kwa mkono tutaponda wa huku na wa huku. Mjumbe mmoja alishauri wahubiriwe."

"Wakahubiriwa?"

"Nusu saa. Hawakusimama."

Akaongeza kwamba anamshukuru Kanchanben, ambaye amekuja kila asubuhi bila kukosa kuleta kijiko chake cha maji. Kanchan akajitanda vizuri.

Vasumati aliwaambia wasubiri. Jua likipanda, sakafu iliyo chini ya paa lile la bati itawaka moto, na sisimizi wavunaji hawazururi kwenye joto. Watarudi nyumbani wenyewe, wote, ndipo mtu azibe mlango kwa pamba. Ilikuwa saa nne. Wakakaa kwenye benchi karibu na mbuzi mmoja wa miguu mitatu, aliyekula ncha ya sari ya Kanchan bila mtu kumkataza.

"Ulikuwa unakuja kila siku," alisema Vasumati hatimaye.

"Niliahidi maji."

"Basi uliona."

"Niliona siku ya nne."

"Na ya tano ukaja. Na ya sita. Pamba ulikuwa nayo, wifi. Mbona hukuziba?"

Mbuzi alimaliza ncha moja akahamia nyingine.

"Alikuwa anakula," alisema Kanchan.

Vasumati hakuelewa, kisha akaelewa. Rambha mwenyewe, yule wa chumba cha nyuma, alipoona mwisho wake umekaribia alifunga chakula hadi kufa, kama wafanyavyo wazee wa dini yao waliokubali kuondoka. Mji mzima ulikuja kumwinamia. Kanchan alikaa ubavuni mwake siku ishirini na mbili, akipokea pongezi mlangoni, uso umenyooka.

"Siku ishirini na mbili," alisema Kanchan. "Nilikuwa na maji kwenye kijiko. Sikuruhusiwa kumpa. Watu wakaniambia nina bahati ya kuwa na mama kama huyo, nami nikasema ndiyo, nina bahati. Juzi nimechungulia kwenye kioo chako nikaona wanamlisha, naye anapokea. Mkono wangu ulikataa kuziba."

Vasumati alimsogezea wifi yake ncha ya sari yake mwenyewe ajifute uso, kwa kuwa ile nyingine ilikuwa kwa mbuzi.

Saa saba mistari ilikatika. Vasumati aliingia akaziba tundu, akanyanyua kifremu, akavua miwani ya daktari ingawa alikatazwa, akatazama kwa jicho lake jipya. Vyumba vya chini vilikuwa vimejaa mayai mapya, meupe, yamelundikana hadi kwenye njia. Katikati alikaa Rambha, tumbo limemvimba, amezungukwa na watumishi.

"Amepona?" aliuliza Kanchan kutoka mlangoni.

"Amenenepa. Njoo umwone mama yako."

Kanchan alikuja, akatazama. Safari hii hakulipinga jina. Alipomaliza kutazama alimwambia Dalsukh kwamba atafunga siku nane kwa ajili ya fukusi waliokufa, na akafunga kweli, akawa mkali nyumbani siku zote nane.

Mvua zilipoanza, mayai yaliongezeka, na Vasumati akaanza tena wasiwasi wake wa zamani. Lozi, jibini, unga wa dengu. Asubuhi moja Kanchan aliteremka kutoka juu na bati lake la fukusi, lile la kupelekwa hifadhini, akaliweka karibu na boksi la peremende.

"Nimechekecha ngano," alisema. "Hawa wamekufa wenyewe usiku. Maiti si dhambi kwa mtu. Miye nawahi hekaluni."

Akatoka upesi, bila kugeuka nyuma. Vasumati alifunua kifuniko. Nusu ya maiti walikuwa wanatembea.

Alilifunika bati, akaliinamisha kidogo juu ya boksi, kifuniko kikiwa kimelegea kiasi cha fukusi kujitokea wenyewe, akaenda kuchemsha chai ya watu wawili.