Wastani wa Chiriku

Sogeeni, sogeeni karibu nyote mnaokaa humu kichwani mwangu, wewe marehemu mume wangu, na mama, na wewe binti yangu, sogeeni kisha mnyamaze kidogo, maana mtoto ameniuliza, "Bibi, na wewe unasemaje?" na mimi nina pasi mkononi, nina foronya ya nyumba ya wageni mbele yangu, nanyi mkisema wote kwa pamoja nitaiunguza foronya ya watu... ameuliza kisha ameinamia simu yake, kidole kiko juu ya kioo, hakishuki, na leo ndiyo mwisho wa kuomba chuo, na mjomba wake, mwanangu mimi, amekaa pale mlangoni na koti lake la stoo lenye madoa ya rangi, anasema, "Bibi yako atasema nini? Weka kozi ya ununuzi na ugavi iwe ya kwanza, hata mimi nitakutafutia kazi, hiyo ya kutibu mifugo iweke huko chini," na Chiriku anamjibu, "Nikiiweka chini si nimeitupa, mjomba? Chuo kinaanza na walioiweka ya kwanza," "Haya, na kwa wastani wako huo wa C wataanza na wewe?" na mtoto anatafuna kola ya sweta, huyu tuliyemwita Chiriku kwa sababu ya mdomo, alikuwa hanyamazi hata akiwa na tonge, leo C imemziba... na mimi hizo herufi wamenieleza juzijuzi tu kwamba ya mwanzo ndiyo kubwa, maana miaka yote nilijua mambo ya shule ni kama mambo ya shuka, zikiwa nyingi ndiyo kheri, alipoingia sekondari akaja na karatasi, nikamuuliza umekuwa wa ngapi, akasema polepole, wa hamsini na mbili, bibi, lo! nikapiga vigelegele, fundi viatu wa jirani akatoka mbio na kiatu cha mtu mkononi, nikamwambia mjukuu wangu amepata hamsini na mbili nzima, akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema, "Hongera sana, mama," Mungu amweke yule baba, nikamnunulia mtoto viatu palepale, akavivaa, muhula wa pili akaja wa arobaini, nikamwambia pole, umeteleza kidogo, usivunjike moyo, akacheka mpaka akakaa chini, nikashangaa, mtu anashuka na anacheka, kisha ishirini na kitu, kisha akaja wa tisa, usingizi ukanipaa, nikafunga safari mpaka kwa mwalimu wake wa baiolojia, nikamwambia, mwalimu, mtoto ananipukutikia huyu, alianza na hamsini na mbili, leo amebakiwa na tisa, mnamfanya nini humu? na yule mwalimu akaegemea ubao akacheka hadi miwani ikamwanguka... "Mama, unacheka nini?" mwanangu ananiuliza, "Hamna," namwambia, "endelea," naye akipewa nafasi ya kueleza jambo huwa haachi, "Mimi simchukii mtoto, mama, lakini wastani ni wastani, ni kama unachukua alama zake zote, za miaka yote, unazitia kwenye sufuria moja, unakoroga, unagawa sawasawa, ukipakua ndiyo huyo," sufuria moja... napitisha pasi kwenye pindo, narudi, napita tena palepale... basi humo sufuriani yumo yule wa hamsini na mbili, mtoto ambaye mama yake alikuwa amelala mgonjwa chumba hicho cha pili, wewe, binti yangu, unajua alivyokuwa akikugeuza ubavu usiku na asubuhi anakwenda kusinzia juu ya dawati, mwaka ule ulipotuacha, hata sare yake nani aliifua sikumbuki, na yumo huyu wa tisa, mwenye B ya baiolojia, aliyemtoa mwanambuzi wa muuza maziwa miguu ya nyuma ikiwa imetangulia, mkono mpaka kwenye kiwiko, huku muuza maziwa mwenyewe amejificha nyuma ya mlango akisema niambieni yakiisha... wakorogwe hao wawili, atoke mtu wa katikati, mtu gani huyo? hajawahi kulala nyumba hii, mimi simfahamu, C ni ya huyo... "Mwaka jana aliyeingia na alama za chini kabisa alikuwa na C ya juu," mwanangu anasema, "ya juu, si hii tupu," ni kweli, hilo hadanganyi, na mwalimu wa baiolojia naye aliniambia, "Nafasi yake ni finyu, mama, sitakuficha, ila ipo, na kwenye fomu kuna mahali pa kujieleza, ajieleze," na pale pa kujieleza Chiriku hajaandika kitu, mjomba wake alimwambia wakubwa wa chuo hawataki habari za misiba ya watu... finyu lakini ipo... mama, nawe unataka kusema nini, nyamaza, nakumbuka, ulikuwa umekaa na ungo wa maharage siku baba aliposema juu yangu, huyu msichana shule ya nini, nikakutazama wewe, mama, nikakutazama sana, ukaendelea kuchambua, ila mkono wako ulikuwa unatupa maharage mazima na kubakiza mawe, jioni tukayatafuna hayo mawe na hakuna aliyeuliza... nami wiki nzima nanyoosha foronya, nanyoosha, wakibishana mbele yangu najifanya pasi ndiyo inanisumbua... foronya inanuka joto, niinyanyue pasi, haijaungua, rangi tu imejaribu kubadilika... atanionaje mwanangu, atasema mama hata kusoma hajui, sawa, sijui, lakini niliwahi kumsindikiza mtu kutoka hamsini na mbili mpaka tisa nikimpa pole njia nzima na akafika, basi wakimkataa mwaka huu nitampa pole, naye ataomba tena mwakani, foronya hazitaisha duniani, hiyo ya mifugo iwe ya kwanza, na pale pa kujieleza amwandike mama yake, aandike na mbuzi... kidole bado kiko juu ya kioo, mwanangu bado yuko mlangoni, "Bibi?" mtoto anaita, nakuja, nasimamisha pasi kwa kisigino chake, na nyinyi humu ndani sasa tawanyikeni, kila kitu kimeshapata mwenyewe, sauti kubwa ya marehemu mume wangu na woga wake wa kukosa alivichukua mwanangu vyote viwili, mikono yake isiyoona kinyaa kumshika mnyama ilimpita mwanangu ikaenda kwa mtoto, paji la uso ni la mama yake, vicheko hivyo nadhani ni vyangu, na kimya chako, mama, nilikirithi mimi, nimekaa nacho uzee huu wote, nacho hakina mrithi.