Watu wa Sukari Waendapo Ndabibi

Tak, tak, tak. Kimya. Kisha tena: tak, tak, tak.

Zeddy alikuwa jikoni akiosha bakuli la krimu, Jumapili alasiri, na hakuhitaji kugeuka ili ajue sauti hiyo inatoka wapi. Ilitoka ndani ya boksi lililokuwa mezani. Ilikuwa sauti ya mtu wa sukari anayetembea juu ya kadibodi, akifika ukingoni, akigeuka, akirudi. Sauti za Jumapili huwa za watu wawili. Hii ilikuwa ya mmoja.

Alisuuza bakuli, akalifudikiza kwenye meza ya vyombo, akajipangusa mikono kwa aproni. Mburu ndiye aliyelileta boksi. Hakuingia kama kawaida yake. Alipiga honi nje, akamkabidhi mama yake Zeddy getini, akaondoa gari kabla mama hajamkaribisha chai.

Zeddy alipamba keki katika nyumba ya mama yake, Kiamunyi, upande wa barabara ya kwenda Kabarak. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kuharibu, na mama alikula alivyoharibu mpaka akasema meno yake yameanza kuimba. Siku hizi kulikuwa na wapambaji wengi Nakuru, karibu kila mtaa, na wengi walijua kuchora waridi kwa krimu. Hakuna aliyejua kufinyanga watu kama Zeddy. Alikanda sukari laini kama anayekanda unga wa chapati, akaifinya kuwa bwana na bibi harusi wenye urefu wa kidole, na nyuso zao zilikuwa nyuso za wenyewe hasa, pamoja na kovu la kidevuni na jino lililopishana na mwenzake.

Watu hao walikuwa na udhaifu mmoja tu: walichoka. Ilianza na keki ya mwalimu mmoja wa Njoro. Bibi harusi wa sukari aliketi chini juu ya krimu asubuhi ya harusi na kusema hawezi kutazamwa na umati siku nzima kabla hajaenda mahali akapumzika. Zeddy aliona ana haki. Alimsimamisha kwa njiti ya meno siku hiyo, lakini tangu wakati huo watu wake wote walipelekwa matembezi wikendi moja kabla ya harusi, na waliporudi walisimama wima mpaka keki ikakatwa. Wateja walizoea. Mtu akiagiza keki aliulizwa anataka ladha gani, rangi gani, na watu wake wangependa kupumzika wapi. Wengi walisema popote penye maji. Kwa hiyo walipelekwa Ndabibi.

Ilikuwa Ndabibi kwa sababu ya Mburu. Mburu alisoma na Zeddy tangu shule ya msingi, na Zeddy alikuwa amemchagua awe msimamizi katika harusi yake, iliyokuwa imekaribia. Kwao walilima huko, ng'ambo ya Ziwa Naivasha, na kando ya shamba walikuwa na nyumba ndogo ya wageni yenye vyumba viwili na veranda. Kila Ijumaa Mburu alileta Nakuru mayai na siagi kwa pikapu. Aliporudi, trei moja tupu ilibeba watu wa sukari, kila mmoja ameketi katika shimo lake la yai, na leso nyepesi juu yao kwa sababu ya vumbi. Jumapili waliletwa wakinukia moshi wa kuni. Walieleza walivyomwona kiboko akila nyasi, na jinsi baridi ya asubuhi ilivyowafanya wawe wagumu vizuri.

Mgeni akitoka nyumbani kwa Mama Zeddy husindikizwa. Mama hakukubali mgeni aende peke yake hadi barabarani kana kwamba amefukuzwa, na watu wa sukari kwake walikuwa wageni. Kazi hiyo ya kusindikiza aliichukua Wariara, mchumba wa Zeddy.

Wariara alifanya kazi katika duka la dawa za mifugo mjini, na Ijumaa akitoka kazini alipitia Kiamunyi kula zile sehemu za juu za keki ambazo hukatwa ili keki ilale sawa. Alizichovya katika krimu iliyobaki bakulini, akalamba vidole, akamwambia Zeddy vanila imezidi au haijatosha. Huwa hakosei. Baada ya hapo alisindikiza. Mwanzoni alisindikiza hadi getini. Baadaye hadi lami. Kisha akasema trei inarushwa na matuta, afadhali aishike mapajani mpaka Kikopey. Kikopey ikawa Gilgil, ambako ana shangazi, na akaanza kulala kwa shangazi kwa kuwa usiku ulikuwa umeingia. Zeddy alimshukuru. Wikendi ndizo siku zake za kazi, na asingeweza kutoka. Aliwaambia wateja kwa fahari kwamba watu wao wanasindikizwa na mchumba wa fundi mwenyewe.

Keki ya harusi yao ilikuwa tayari imeokwa, keki nzito ya matunda, imefungwa kwa karatasi na kuwekwa ndani ya debe chini ya kitanda ili ikomae. Watu wake, Zeddy na Wariara wa sukari, walikuwa wazuri kuliko wote aliowahi kutengeneza. Hakutaka fundi aonekane siku yake mwenyewe ana bwana harusi anayeinama, kwa hiyo hakuwapumzisha wikendi moja tu. Aliwapeleka Ndabibi wikendi baada ya wikendi.

Alifungua boksi. Zeddy wa sukari alisimama katikati, suti yake nyeusi ina vumbi magotini. Tabasamu alilotengenezewa lilikuwa limepasuka kuanzia pembe moja ya mdomo hadi shavuni.

Zeddy alimuuliza ni nini kimempasua.

"Matuta ya Gilgil," alisema yule mtu wa sukari. "Leo boksi halikushikwa na mtu."

"Mwenzako yuko wapi?"

"Amebaki. Alisema kule kuna Wariara wa kweli tayari, na huku pia atakuja kuwapo baada ya harusi, basi yeye achague anapopenda. Amekaa dirishani anaangalia ziwa."

Zeddy alivuta kiti akaketi. Mama alikuwa mlangoni na chombo cha maziwa mkononi, akabaki hapo hapo.

Mtu wa sukari alieleza yote bila kupandisha sauti. Wariara hashuki Gilgil. Hajawahi kushuka Gilgil. Wakifika Ndabibi watu wa sukari hupewa chumba cha nyuma, kile kinachowekwa magunia, na Mburu na Wariara huchukua cha mbele. Asubuhi wote wanne hunywa chai kwenye veranda. Watu wa sukari waliowatangulia, wa keki za wateja, walidhani hao wawili ni mume na mke. Waliwasalimu hivyo, bwana Mburu na bibi Mburu, na hakuna aliyekanusha.

"Na wewe," Zeddy alisema, "ulikuwa unarudi hapa kila Jumapili. Nakuuliza Ndabibi imekuwaje, unasimama hapo unanichekea. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinitengeneza nisimame wima na nitabasamu," alijibu mtu wa sukari. "Mdomo wa kusemea jambo kama hili nimeupata leo."

Mama aliweka maziwa juu ya jiko. Alimwambia Zeddy asile kitu chochote kitamu jioni hiyo, kwa kuwa kitamkaa kooni. Kisha alimchukua mtu wa sukari, akampangusa magoti kwa kitambaa kikavu, akamweka ndani ya kabati la vyombo, kati ya bilauri za wageni.

Ijumaa Mburu alileta mayai kama kawaida. Alisimamisha pikapu, akashusha trei, akasema niaje, fundi. Zeddy alizipokea trei kwa sababu alikuwa na keki ya ubatizo ya kesho yake. Alizipanga chini kwa uangalifu, ndipo akasema kwamba mtu wa sukari ameongea.

"Ni wewe ulimpa Wariara trei ashike, boss," Mburu alisema. "Mimi nilikuwa naendesha gari tu."

"Na chumba cha mbele, nacho ulikuwa unakiendesha?"

Mburu alitaka kucheka, akaacha. Zeddy alichukua yai moja kutoka trei ya juu na kulivunja kifuani pa Mburu, juu ya mfuko wa shati. Mburu hakusogea. Kiini kiliteremka polepole mpaka kwenye mkanda. Walikitazama wote wawili kikiteremka. Mburu alipojipangusa aliuliza kama alete mayai Ijumaa ijayo au atafute mteja mwingine. Zeddy alisema alete. Hakukuwa na mayai mengine Nakuru yenye kiini cha njano kama yale, na keki ya watu haina makosa.

Majirani walipopata habari walishangaa jambo moja tu, kwamba Zeddy hakuwa akijua. Mama mmoja wa mtaa huo, ambaye hupanda gari la Naivasha kila wikendi kwenda kuuza nguo, alisema aliwaona mara nyingi pale kwenye mzunguko wa ziwa, wakila aiskrimu ndani ya pikapu, trei imewekwa juu ya dashibodi ili wale wadogo nao waone nje. Alidhani Zeddy ndiye aliyewatuma. Si ndiye aliyekuwa akiwatuma?

Kanisani, Jumapili, matangazo ya ndoa yalisomwa mara ya mwisho. Padri alisema kuna marekebisho madogo, akasoma jina la Wariara kama lilivyokuwa, na pale penye jina la Zeddy akasoma jina la Mburu. Tarehe haikubadilika. Mwenye kujua kizuizi chochote aliombwa aseme. Watu walitazama mbele, mtoto mmoja akakohoa, na kwaya ikaanza. Zeddy alikuwa ameketi nyuma na mama yake. Alisimama. Mama alimshika mkono wa shati, si kwa nguvu, naye akabaki amesimama mpaka wimbo ulipokwisha, na kwa kuwa wote walikuwa wamesimama kuimba, haikuonekana kuwa alikuwa amesimama kwa sababu yake mwenyewe.

Wariara alikuja Jumatano. Alibisha hodi mlango wa jikoni, alioujua, akamsalimu, sasa, Zeddy, akaketi kwenye kiti alichozoea. Mama alimwekea chai, maana alikuwa ndani ya nyumba, kisha akaenda zake nje kukusanya nguo ambazo hazijakauka.

Zeddy alikuwa akipamba keki ya mtu mwingine. Hakuacha. Aliminya mfuko wa krimu, akachora ukingo, akageuza sahani, akachora tena.

Wariara alimwambia hakuja kuomba msamaha kwa sababu hajui aanzie wapi. Alisema ukweli ni kwamba mwanzoni alisindikiza tu. Siku moja walipofika Kikopey jua lilikuwa linatua, naye akakumbuka kuwa katika muda wote wa uchumba wao hajawahi kwenda mahali na kulala na kuamka bila kazi.

"Kila wikendi ulipeleka sukari," alisema. "Mimi hukunipeleka hata Njoro."

"Nilikuwa nakuwekea. Baada ya harusi twende mbali, twende wiki nzima. Nilikuwa nimeshaamua."

"Zeddy. Keki ndiyo huwekwa."

Krimu ikafanya donge chini ya mkono wa Zeddy. Aliliondoa kwa kisu, akapachora upya mpaka pakawa hapajulikani. Angeweza kumwambia mengi. Alikuwa ameyapanga usiku mzima, mstari kwa mstari, na yalikuwa makali. Lakini alipoinua uso aliona Wariara amechukua kipande cha keki kilichokatwa na kukichovya katika bakuli, bila kufikiri, kama kila Ijumaa.

"Vanila imetosha," Wariara alisema, kisha akakiweka chini.

Alichokuja kuomba ni keki. Ile ya matunda. Mama yake Wariara alikuwa amekwisha kuwaambia akina mama wa kanisa kwamba inatoka kwa Zeddy, na haikuwezekana kupata nyingine iliyokomaa kwa muda uliobaki. Kuhusu watu wa juu, wa kike angerudishwa kutoka dirishani Ndabibi, Mburu ameshazungumza naye na amekubali. Alihitajika bwana harusi tu.

Zeddy alifungua droo ya meza. Bwana harusi alikuwa humo, amelala juu ya pamba, suti ya kijivu, uso wa Mburu mwenyewe mpaka kwenye nyusi zake zilizokaribia kukutana. Zeddy alikuwa amemtengeneza tangu Jumatatu. Wariara aliinama kumtazama. Yule bwana harusi alifumbua macho, akamsalimu Wariara kwa jina, akauliza wanaondoka Ijumaa saa ngapi.

"Jioni," Wariara alimwambia.

Alisimama, akavaa sweta, akafika mlangoni akarudi hatua moja. Alisema kuna jambo la mwisho, na si lake, ni la mama yake na wazee. Siku ya harusi, baada ya kukata keki na kuwalisha wazazi, wangependa MC amwite Zeddy mbele. Yeye na Mburu wamlishe kipande mbele ya watu, apigiwe makofi.

"Ili waone hakuna kinyongo," alisema. "Wanasema usipokuja, watu wataongea mpaka tuzeeke."

Nje, mama alikuwa ameacha kukusanya nguo. Zeddy aliweka mfuko wa krimu chini, akavua aproni, akaikunja. Alitaka kusema lake akiwa amevaa shati tu, si kama fundi.

"Nitaileta mwenyewe," alisema. "Nitaiweka mezani kwa mikono yangu na nitakaa kiti cha mbele. Mkiniita, nitakuja. Kipande mtakachokata, hata kiwe kikubwa namna gani, nitafungua kinywa, nitatafuna, na nitameza huku nikiwaangalia nyote wawili. Nakuahidi, Wariara."