Shimba wa Kwenye Friza

Kwa miezi minane, kila asubuhi saa mbili na robo, Florian, fundi wetu wa maabara, alikuwa anaingia chumba cha matangi, anahesabu samaki waliokufa, halafu ananitangazia kutoka hukohuko kwa sauti ya muuza mitumba: "Daktari, Shimba kaua saba." Nami nikiwa na kikombe cha chai mkononi najibu, "Andika." Basi, siku imeanza. Ningekuwa na haya ningemkataza siku ya kwanza, lakini kumkataza kungenilazimu kueleza, na mimi Justa ni hodari wa kueleza mambo ya wengine, siyo yangu.

Shimba huyo ni bakteria. Anaingia kwenye ubongo wa sato, macho yanavimba mpaka yanatokeza nje, na samaki anaanza kuzunguka mahali pamoja hadi afe. Kazi yangu ni kutafuta dawa yake, kwa ajili ya hawa wafugaji wa vizimba waliojaa sasa kandokando ya ziwa. Kuipima dawa kunahitaji bakteria mkali ambaye hajawahi kuonja dawa yoyote, na kati ya wote tulionao hapa Mkuyuni hakuna anayemfikia Shimba. Tunamtunza kwenye friza ndani ya vichupa vidogo. Kila baada ya miezi mitatu tunampitisha kwenye samaki hai, maana akikaa sana kwenye sahani za maabara anasahau kuua. Tunamkumbusha.

Desturi yetu ni kumpa bakteria jina la mfugaji alikotoka. Huyu alitoka kwenye kizimba cha mtu aliyeitwa Shimba, upande wa Magu. Mtu mwenyewe alishakufa nilipoandika jina lake kwenye kichupa cha kwanza. Wenzangu walisema nimefanya jambo la maana kumuenzi, nami nikawaacha waseme.

Ukweli ni huu. Shimba aliniita Ijumaa moja mchana. Nilikuta sato wake wachache wameanza kuzunguka. Alishanunua pakiti ya dawa, ile ya kuchanganya kwenye chakula, ameishika kwa mikono miwili kama mwanafunzi aliyeleta daftari lisahihishwe. Nilimwambia asiiweke. Nikamwambia dawa ikiingia mwilini mwa samaki, bakteria hatapatikana tena, na asipopatikana hatutajua tunapigana na nani. Kila neno lilikuwa kweli. Ambacho sikumwambia ni kwamba ningeweza kuchukua sampuli palepale, kazi ya saa moja tu, kisha yeye akaweka dawa yake jioni ileile. Sanduku la sampuli lilikuwa kwenye gari. Lakini saa kumi na moja nilikuwa na kikao cha harusi ya binamu yangu mjini, na katibu ni mimi. Katika ukoo wetu wa Kihaya, katibu akichelewa kikao atasemwa mpaka mtoto wa kwanza wa maharusi aanze shule. Nikamwambia nitarudi Jumatatu, mpaka hapo asiweke kitu, ila waliokufa awaondoe asubuhi na jioni wasiwaambukize wenzao.

"Haya daktari," akasema. "Nitasubiri."

Jumapili jioni ziwa lilichafuka kwa upepo. Akaenda kuwaondoa waliokufa, kama alivyoagizwa. Nilipofika Jumatatu kizimba kizima kilikuwa cheupe kwa matumbo ya samaki. Mtumbwi wake ulikuwa umefungwa kwa kamba moja kwenye kizimba, hauna mtu, unazunguka polepole. Watu walikuwa majini wanamtafuta. Nami nikafungua sanduku langu nikachukua sampuli, nikijiambia kwamba samaki aliyekufa hangoji. Shimba walimpata Jumanne.

Tangu hapo chumba cha matangi siingii. Samaki wanaougua huzunguka vilevile, polepole, kama kitu kilichofungwa kamba. Mimi si mtu wa mizimu; nimesoma mpaka miwani ikanichosha pua. Lakini naweza kuwa nyumbani Buhongwa namenya ndizi, maji ya bomba yanamwagika ndooni, nikasikia mtu nyuma yangu anasema kwa upole kabisa kwamba atasubiri. Nageuka, hakuna mtu. Naogopa, na sioni aibu kusema hivyo.

Alhamisi moja mlinzi alinipigia kutoka getini. Kuna mama ana mtoto analia, akasema, na hataki kuondoka. Nilimsikia mtoto kabla sijamwona mama. Kilikuwa kilio kilichokauka, cha mtu aliyelia hadi sauti ikaisha na bado ana la kusema. Mama alikuwa Dorotea, mjane wa Shimba, ambaye wote tunamwita Mama Tereza kwa binti yake mkubwa. Mimba aliyoachiwa na marehemu sasa ilikuwa mtoto mgongoni kwake, wa miezi mitatu.

Nilimpa pole na kiti. Chai hakuitaka. Alieleza bila haraka huku anamtikisa mtoto. Alikuwa amempa jina la baba yake, na tangu siku ya kupewa jina mtoto hajanyamaza, zahanati mbili hazikuona ugonjwa. Kwao, mtoto akilia hivyo watu hulitazama jina. Shemeji yake, Chenge, hakulitaka tangu mwanzo. Alisema kaka yake aliacha samaki wafe na dawa imo ndani, kisha akajitosa ziwani kwa aibu, na mtu wa namna hiyo harithiwi jina. Sasa kilio cha mtoto kilikuwa kimempa ushahidi. Jumamosi ukoo ungekaa, jina libadilishwe, na marehemu asitajwe tena.

Hayo angeyabeba mwenyewe, alisema. Kilichomleta ni kingine. Wiki iliyopita Florian alikwenda kijijini kwao kununua vifaranga vya samaki kwa ajili ya matangi yetu, na Dorotea akamsikia anacheka kwenye simu kwamba Shimba kaua kumi na wawili. Alipomuuliza ni Shimba gani, Florian wa watu, hana hili wala lile, akamweleza yote kwa fahari.

"Nionyeshe," Dorotea akasema.

Taratibu haziruhusu mgeni kufika kwenye friza, sembuse mgeni mwenye mtoto mgongoni. Nilimpeleka. Nilitoa boksi, nikapangusa barafu kwa kidole, na jina likatokea kwa mwandiko wangu mwenyewe. Alilisoma. Kisha akalisoma la kichupa cha pili, na cha tatu, kana kwamba huenda mahali fulani limeandikwa jina la mtu mwingine.

"Huyu ndiye aliyemaliza samaki wetu?"

Nikasema ndiye.

"Na mkampa jina la mume wangu."

Nilimwambia ni desturi ya kazi, tena ni heshima. Nilijisikia nikisema hivyo, na nilijichukia. Yeye hakubishana. Alifungua fundo la kitenge akatoa pakiti ya dawa, akaiweka juu ya friza. Niliijua mara moja. Ilikuwa haijafunguliwa.

"Niliikuta juu ya kabati," akasema. "Shimba hakuwa mtu wa kununua kitu asikitumie. Najiuliza miezi yote hii, daktari. Kwa nini hakuiweka?"

Ningeweza kusema sijui. Angeniamini, maana hakuna shahidi mwingine aliyebaki. Jumamosi ukoo ungekaa, jina lingefutwa, na mimi ningeendelea kunywa chai yangu. Mtoto alikuwa ananitazama juu ya bega la mama yake, analia bila machozi. Nikaona pua ya baba yake.

"Mimi nilimkataza," nikasema.

Nilimweleza yote: sanduku kwenye gari, saa moja ya kazi, Jumatatu, kuondoa waliokufa asubuhi na jioni. Sikuacha hata kikao cha harusi. Dorotea alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukipigapiga mgongo wa mtoto bila kusimama.

"Harusi ilikuwa nzuri?" akauliza.

"Ilikuwa nzuri."

Akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza kwa kejeli. Nadhani alitaka tu kujua. Halafu akasema Jumamosi niende Magu nikawaambie wenyewe, kwa sababu yeye akisema wataona anamtetea mumewe. Mlangoni aligeuka.

"Na jina naondoka nalo. Huyo wenu mtafutieni jina la kwenu."

Nilikwenda. Jumamosi ile nilikuwa na kikao kingine cha harusi, nikawatumia ujumbe kwamba sitakuwapo, na wasemaji wakapata la kusema. Uani kwa Dorotea walikuwa wamekaa watu kama kumi na watano. Niliwaamkia wakubwa shikamoo, nikakataa kiti, nikasema niliyokuja kusema. Nilitaka wanitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi njia nzima.

Chenge, mtu mrefu, mkavu, aliuliza swali moja tu: kwa hiyo kaka yake alikuwa na dawa, akaacha kuiweka kwa sababu niliagiza, na akaingia ziwani kwenye upepo kwa sababu niliagiza? Nikasema ndivyo. Aliinamisha kichwa. Niliona machozi yanadondoka kati ya viatu vyake, kwa kaka aliyekuwa amemwita mwoga miezi minane. Kisha akanyoosha mikono, akampokea mtoto kwa mama yake, akamwita Shimba mbele ya wote. Mtoto akaendelea kulia. Hakuna aliyenitukana. Waliniletea maji ya kunawa, wakanipa ugali na kuku.

Dorotea alinitumia ujumbe Jumatatu asubuhi: mtoto amelala tangu jana mchana, tumemwamsha anyonye. Najua watoto wa miezi mitatu huacha kulia wenyewe, daktari yeyote atakwambia. Nilisoma ujumbe ule mara nne.

Siku hiyohiyo nilikaa mbele ya friza na vichupa arobaini na sita. Bakteria hawezi kukaa bila jina. Vitabu vyetu havikubali. Nilitafuta la kwetu kama nilivyoambiwa. Nilimfikiria bibi yangu Kokulinda aliyelima migomba hadi mgongo ukapinda, na baba mdogo Anatory, na marehemu wengine wa ukoo mmoja mmoja. Hakuna kati yao aliyemfanyia mtu yeyote kosa la namna hii. Nikachukua kalamu. Kwenye fomu, mahali pa sababu ya kubadilisha jina, niliandika kwamba la awali lilikuwa la mtu asiyehusika.

Florian aliona boksi, akanitazama, kisha akalirudisha kwenye friza.

Wiki mbili baadaye tulianza jaribio jipya la dawa. Saa mbili na robo aliingia chumba cha matangi kama kawaida, nami nikasubiri na kikombe changu. Hakutangaza. Alitoka na karatasi mkononi akaja hadi mezani kwangu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya, akasema kwa sauti ya chini kwamba tangi lenye dawa limepoteza wawili. Nikamuuliza lisilo na dawa. Akasema ni kumi na tisa, daktari, huku anatazama sakafu.

Niliweka kikombe chini. Nikapita mlango ambao sikuwa nimeupita miezi yote ile. Waliobaki hai walikuwa wanazunguka polepole, kila mmoja mahali pake, macho yamewatoka, na bomba la hewa lilikuwa linatoa mapovu. Nyuma yangu ile sauti ikasema kwa upole kwamba atasubiri. Safari hii sikugeuka.

"Florian," nikamwita. "Tangaza kama ulivyozoea."

Alikohoa. "Daktari," akasema, na sauti ikajaa chumba kizima. "Justa kaua kumi na tisa."

"Andika," nikasema.