Uzito wa Nassra

Radhiya alikuwa ameshainyanyua ekseli na kuirudisha chini taratibu, kama alivyofunzwa, pale Mbarouk alipomuuliza kutoka upande wa pili wa turubai.

"Bi Radhiya, mwenzako leo tena haji?"

"Ana homa."

"Homa gani ya wiki nzima?"

Radhiya alijifuta jasho kwa ncha ya mtandio, akakunja vidole vya mkono wa kushoto, akavikunjua. Kucha zilikuwa zimefanya weusi kwa sindano za saratani alizokuwa akichomwa hospitali. Mkono ulimvuta kutoka kwapani mpaka kidole cha mwisho, lakini sasa ulivuta kama mkono unaofanya kazi. Baada ya upasuaji ulikuwa ukining'inia tu ubavuni, hata birika la chai hauliinui.

Ua lilikuwa la Mbarouk, fundi wa kuchomea milango na madirisha huku mtaa wa Amani. Jioni vijana walijaa hapo kunyanyua vyuma alivyoviunda mwenyewe: ekseli ya gari bovu, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuchomekwa bomba katikati. Asubuhi, kabla hajaanza kazi, aliwafungia turubai wanawake wawili wagonjwa wakanyanyua kwa nafasi yao. Hakuwatoza kitu. Mama yake mzazi alikuwa ameoshwa na Radhiya.

Radhiya aliwaosha wengi. Riziki yake ilikuwa kachori za jioni, mlangoni kwake. Uoshaji maiti aliurithi kwa mamaye na akaufanya kwa ajili ya Mungu. Ni kazi ya mikono na mgongo. Maiti hajisaidii, mwosha ndiye anayemwinua bega, amkalishe kidogo, amgeuze ubavu huu na huu, tena kwa upole, kama anayemgeuza mtu aliyelala. Tangu alipokatwa titi watu waliacha kumwita. Hakuna aliyemwambia neno. Msiba ukitokea, mtoto alipita mlangoni kwake akenda kugonga kwa mwengine.

Aliyewaambia wanyanyue uzito ni Bi Zuleikha, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali. Aliwakusanya wagonjwa kwenye chumba kidogo akawaambia dawa inakula misuli pamoja na maradhi, na misuli hairudi kwa kulala. Waanze na kilo ya sukari, waongeze pole pole.

"Sukari kwa bei hii?" alidakia mwanamke mmoja mnene aliyekaa nyuma. "Bibi we, mimi nikiipata kilo ya sukari siinyanyui, naifungia kabatini. Tupe mchanga."

Chumba kizima kikacheka, hata waliokuja wakilia. Ndiye Nassra. Mpangaji wa Kiponda, ghorofa ya juu kabisa, kodi imepanda na pampu ya maji imekufa. Alikatwa titi la kulia, Radhiya la kushoto. "Tukisimama pamoja tunatimia mtu mmoja," alisema siku ile ile, na kuanzia hapo wakawa mashoga. Radhiya akinyanyua chuma, Nassra alikaa juu ya tairi akimhimiza: "Bado, shoga, bado. Usikiachie, bado."

Kuna jambo moja Radhiya hakumwambia mtu. Macho yake yalikuwa na maradhi yao wenyewe. Wodini, kwenye foleni ya sindano, alipomtazama mwanamke alimwona ameshalala juu ya ubao wa kuoshea maiti. Huyu anataka watu wawili wa kumwinua. Huyu shingo yake ilazwe kwa uangalifu. Huyu mwepesi. Hakutaka kuyaona hayo, yalikuja tu. Na siku moja, Nassra akiinama kuokota kopo la zege, Radhiya alijikuta anampima na yeye, anawaza nani atashika bega. Alijiona mwizi. Asubuhi ile hakuweza tena kumtazama usoni.

Kwa sababu Nassra alikuwa anapungua. Sindano zake zilikwisha salama, daktari akasema sasa avuke bahari akapigwe mionzi, ambayo kisiwani haipo, bila ya kuchelewa. Huko hakwendi mtu mpaka ofisi inayosimamia safari za wagonjwa impitishe, na mbele ya ofisi hiyo alikaa karani, Masoud. Radhiya alimsindikiza Nassra kwa Masoud mara nyingi. Mkubwa hajarudi. Fungu halijatoka. Mashine kule ina foleni. "Rudini Jumatatu, Inshallah." Hakuwa mtu wa matusi. Aliwajibu kwa sauti laini, macho kwenye simu yake, na hakuwahi kuinua uso akaona nani anayesema naye. Jumatatu zikapita, Nassra akaanza kukohoa, kisha akaacha kuja kwenye ua.

Simu ya Radhiya ililia juu ya tairi. Ilikuwa ni Nusrat, binti wa Nassra.

"Khalati," alisema; ndivyo alivyomwita, kama mama yake mdogo. Nyuma yake Radhiya alisikia mtu anasoma Yasini.

"Saa ngapi, mwanangu?"

"Sasa hivi. Baada ya alfajiri. Khalati, alisema umwoshe wewe."

Radhiya alikaa chini, kwenye vumbi la chuma. Mbarouk alimsikia, akaja mpaka ukingo wa turubai, akasimama bila ya kulifungua. "Inna lillahi," alisema polepole. Akatoka nje kumsimamishia bajaji.

Kiponda wanaume walikuwa wameshaketi barazani. Ngazi za nyumba ile zilikuwa za mbao, nyembamba, kali kama za kupandia minazi. Nassra alizizungumza ngazi hizo kila siku. Mazoezini hakuwa akitaka kifua wala mabega. Alitaka apande kwake bila ya kukaa njiani kama kikongwe.

Juu, mbele ya chumba, wifi wa Nassra, Bi Mwanakheir, alimzuia kwa kiganja. Alikuwa mwanamke mkubwa, macho mekundu kwa kulia.

"Shikamoo, Bi Mwanakheir."

"Marahaba. Pole na wewe. Lakini kumwosha, hapana. Wewe mgonjwa, Radhiya. Maradhi yale yale. Mkono wenyewe huo. Ukimwangusha je? Nshamtuma mtu amwite mwengine."

"Mama kasema yeye," alisema Nusrat kutoka ndani.

"Mama yako alikuwa anaweweseka."

"Alikuwa haweweseki. Kasema yeye."

Radhiya hakutaka kubishana juu ya kichwa cha maiti. "Maji yako wapi?" aliuliza.

Hapakuwa na maji. Pampu ilikuwa mbovu tangu Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani, na mwenye nyumba anasema ataleta fundi. Mfereji wa bomba unaotoa maji ulikuwa mmoja tu, uani, chini. Radhiya akachukua ndoo mbili, akashuka. Akazijaza, akazipandisha, moja kila mkono. Akazimimina kwenye pipa, akashuka tena. Jasho lilimtoka chini ya kofia aliyovaa kufunika kichwa kisichokuwa na nywele. Kovu liliwaka. Alipofika juu na maji mara nyengine, wanawake waliokusanyika walikuwa wanamtazama, na Bi Mwanakheir akasogea mlangoni akampisha.

"Bismillahi," alisema. "Ingia."

Walimwosha watatu: Nusrat akimimina, Bi Mwanakheir akishika kitambaa cha stara, Radhiya akiosha. Maji ya majani ya mkunazi, kisha maji matupu, na karafuu maiti, ile kafuri ya maji ya mwisho, tayari kwenye kikombe. Mkono wake ulizikumbuka kazi zote. Aliosha uso uliokuwa ukimcheka. Aliosha vidole. Mama yake alimfunza kwamba mwosha ana macho lakini hana mdomo. Anachokiona juu ya maiti anazikwa nacho. Kwa hivyo alipofika kwenye kovu la upande wa kulia alilipitia kwa kiganja, polepole, na hakusema kitu, ingawa lilikuwa kovu lake yeye lililohama upande.

Ikafika wakati wa kumgeuza.

Hili ndilo alilokuwa akiliendea uani kwa Mbarouk asubuhi baada ya asubuhi. Alikita miguu, akapitisha mkono wa kushoto chini ya bega la Nassra na wa kulia chini ya nyonga, akavuta pumzi kama anayeinua ekseli, akainua.

Palikuwa hapana uzito. Nassra alikuja juu kwa wepesi wa kutisha, Radhiya akayumba, akambana kifuani ili asimponyoke mikononi. Nusrat alitoa sauti ndogo. Kata ikamdondoka.

"Nimemshika," alisema Radhiya. "Nimemshika, mwanangu. Mimina."

Mkono wa kulia ulikuwa umeachia wenyewe, hauna kazi. Wa kushoto peke yake ulitosha. Nguvu zote alizojitayarishia zilimbakia mabegani, hazina pa kwenda. Na maji yalipoanza kupita mgongoni, wazi kabisa, karibu na sikio, alisikia: *Bado, shoga. Usikiachie. Bado.* Aliinua uso. Bi Mwanakheir alikuwa ameinamia kitambaa, na Nusrat analia bila ya kutoa sauti. Hakuna aliyesema kitu. Radhiya alizidisha kumkumbatia, na hakumlaza mpaka Bi Mwanakheir alipomgusa kiwiko.

"Basi, mama. Yatosha."

Walimvisha sanda. Wanaume wakaja na jeneza, wakahangaika nalo kwenye kona za ngazi, wakatoka nalo mtaani wakimtaja Mungu. Wanawake walibaki madirishani.

Sakafu ilitaka kuoshwa, kwa hivyo Radhiya alishuka na ndoo tupu kuteka maji. Alikuwa mlangoni mwa nyumba pale Masoud alipotokea kwenye kichochoro, kanzu safi, kofia ya kiua, anahema. Alikuwa rafiki wa kaka wa marehemu; ndiyo maana amekuja.

"Wameshatoka?"

"Wameshatoka. Ukiharakisha utawadiriki msikitini."

Hakuharakisha. Alijifuta paji la uso kwa leso. "Masikini Nassra. Na jambo lake lilikuwa limeshakaa sawa, wallahi. Mwezi ujao angevuka. Lakini ndiyo kazi ya Mungu, sisi hatuna la kusema."

Radhiya alitua ndoo. Alijua kwamba jibu linalotakiwa ni moja tu, kuitikia, na kwamba ni jepesi. Sindano zake mwenyewe zilikuwa zinakaribia kwisha. Daktari ameshamwambia: baada ya hapo, mionzi. Na njia ya mionzi inapita mbele ya meza ya mtu huyu.

"Mauti ni kazi ya Mungu," alisema. "Kwa hilo sina neno."

"Naam."

"Mimi ndiye niliyemwosha. Nilichokiona sikisemi. Nitakwambia nilichokinyanyua." Alinyoosha mkono wa kushoto, mkono wa nguo ukiwa bado unachuruzika maji. "Nimemgeuza kwa huu mmoja. Huu mbovu. Siku ya mwanzo tulipokuja kwako, Nassra alikuwa hageuziki kwa watu wawili."

Masoud alitazama juu. Madirishani vichwa vilikuwa vimetulia. "Bibi, huu si wakati wa maneno kama hayo. Tuko msibani."

"Kweli. Wakati wake ulikuwa ofisini, na kila tukija tunaambiwa turudi."

Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Masoud alimtazama usoni: kofia, nyusi zilizopukutika, kucha nyeusi. Akaelewa. Akatoa simu mfukoni, taratibu, na sauti yake ikawa laini kama siku zote.

"Kumbe na wewe mgonjwa wetu. Jina lako nani vile?"

Kidole gumba kilikuwa tayari juu ya kioo. Radhiya angeweza kuomba radhi. Msiba una udhuru wake. Angesema amechoka, hajui alisemalo, na Masoud angetikisa kichwa kwa huruma akasamehe. Juu, Bi Mwanakheir alimwita, "Radhiya! We Radhiya, njoo huku juu," kwa sauti ya mtu anayemvuta mwenzake asidumbukie kisimani.

"Radhiya Ame Mkadam," alisema, kwa sauti ya kufika madirishani. "Wa Amani. Titi la kushoto. Andika vizuri, usije ukanichanganya na mwengine."

Mwanamke mmoja juu alisema, "Yallah!"

Masoud aliandika. Aliandika herufi moja moja, bila ya haraka, akaitia simu mfukoni, akashika njia ya msikitini.